Saikolojia: Shahada ya sanaa au ya sayansi? Soma kwanza orodha ya kozi

Kila Julai, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, maduka ya steshenari yenye intaneti hujaa watu. Mhitimu huketi kando ya kijana wa dukani. Mzazi husimama nyuma yao, simu mkononi, karatasi yenye majina ya vyuo mfukoni. Orodha ya programu hushuka kwenye kioo cha kompyuta mpaka lijitokeze neno "saikolojia", na hapo ubishi huanza.

"Hii ya sanaa itamfikisha wapi, mwanangu?" mama humuuliza kijana wa dukani, kana kwamba ndiye ofisa udahili. Kijana naye hujibu kwa alichokisikia kwa mteja aliyetangulia: "Mama, siku hizi ni sayansi tu. Huko ndiko kwenye ajira." Binti aliyesoma HGL, mchepuo wa sanaa, hutazama chini. Fizikia na Kemia aliagana nazo zamani, na Hisabati aliiacha Kidato cha Nne.

Kwa dakika chache, uamuzi wa miaka mitatu au zaidi ya masomo, pamoja na mamilioni ya shilingi za ada, huwa umekwisha. Wengi huufanya kwa kuangalia herufi zitakazoandikwa kwenye cheti: BA kwa Shahada ya Sanaa, BSc kwa Shahada ya Sayansi.

Herufi hizo zina uzito wake, lakini mdogo kuliko familia nyingi zinavyodhani. Kinachompeleka au kumkwamisha mhitimu wa saikolojia ni kozi alizosoma, mafunzo kwa vitendo aliyopata na mlango wa shahada ya uzamili atakaoweza kuupita.

Ukuta unaojengwa sekondari

Katika shule zetu, mwanafunzi hupachikwa jina mapema. Huyu ni wa sayansi, yule ni wa "arts". Anayechukua HKL au HGL huwa anaagana na Hisabati akimaliza Kidato cha Nne. Wa michepuo ya sayansi kama PCB au CBG huendelea kuisoma kwa kiwango cha msingi hadi Kidato cha Sita. Baada ya miaka miwili, kila mmoja huwa ameshaamini kwamba kichwa chake kiliumbwa kwa upande mmoja tu.

Saikolojia haiheshimu ukuta huo. Ni somo linalohoji kwa nini mtoto wa miaka miwili hulia akiachwa na mama yake, jinsi ubongo unavyohifadhi kumbukumbu, kwa nini umati hufanya jambo ambalo mtu mmoja peke yake asingelifanya, na namna ya kumsaidia aliyekata tamaa. Maswali hayo yanadai biolojia, takwimu, sosholojia na falsafa kwa pamoja.

Nchini Tanzania, somo hili liliingia kwa milango tofauti. Mlango mkubwa ulikuwa ualimu. Hakuna mwalimu aliyepita chuoni bila kulisikia jina la Jean Piaget na hatua zake za ukuaji wa akili ya mtoto. Mpaka leo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shahada ya Ualimu katika Saikolojia.

Mlango wa pili ulifunguliwa na Ukimwi. Vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari, vikiwamo vile vya ANGAZA, viliwafanya wananchi wa kawaida wajue kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni kukusikiliza kabla na baada ya kupokea majibu.

Mlango wa tatu ni hospitali. Mirembe, Dodoma, imekuwapo tangu mwaka 1927. Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, hufundisha saikolojia tiba katika ngazi ya uzamili, kama shahada ya sayansi.

Matokeo yake ni kwamba mwombaji wa leo anaweza kulikuta somo hilohilo likiwa na majalada matatu: sanaa, sayansi na ualimu. Anayemweleza tofauti iliyomo ndani ya majalada hayo ni nadra kumpata.

> Mwombaji anaweza kulikuta somo hilohilo likiwa na majalada matatu: sanaa, sayansi na ualimu.

Waasisi hawakuchagua upande

Ubishi huu ni wa zamani kuliko vyuo vyetu. Mwaka 1879, Wilhelm Wundt alifungua maabara ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani, na wengi huutaja mwaka huo kuwa ndio mwanzo wa saikolojia kama sayansi inayojitegemea. Wundt alikuwa amesomea udaktari, lakini kiti chake chuoni kilikuwa cha falsafa. Kati ya mwaka 1900 na 1920 alitoa vitabu kumi kuhusu lugha, visasili na mila za watu. Aliona kwamba maabara haiwezi kuyafikia mambo hayo.

Nchini Marekani, William James alihitimu udaktari Harvard mwaka 1869, akafundisha fiziolojia, kisha saikolojia na falsafa. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1890 kinajadili mishipa ya fahamu na pia hiari ya mwanadamu.

Waliofuata walitoka kila pembe. Piaget mwenyewe alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1918 kwa utafiti wa konokono na jamaa zao. Carl Rogers, ambaye mafundisho yake kuhusu kumsikiliza mteja bila kumhukumu ndiyo msingi wa ushauri nasaha tunaoujua, alianza na kilimo chuoni Wisconsin, akahamia historia na kuhitimu nayo mwaka 1924.

Aaron Beck alisoma Kiingereza na sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Brown, akamaliza mwaka 1942, ndipo akaenda kusomea udaktari. Mwanafunzi huyo wa lugha ndiye aliyeasisi tiba inayomfundisha mgonjwa kuyachunguza na kuyapima mawazo yake mwenyewe, na akatunga dodoso la kupima sonona lililotoka mwaka 1961. Dodoso hilo limetumika sana duniani.

Wanaosema sayansi kwanza

Wanaotetea shahada ya sayansi wana hoja nzito, na ya kwanza ni takwimu. Mwaka 2015, kundi kubwa la watafiti lilichapisha katika jarida la *Science* matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yaliyohesabiwa kuwa ya uhakika kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizofikia kiwango hicho.

Kwa mhitimu, maana ya tarakimu hizo ni nzito. Mengi yanayosemwa redioni na mitandaoni kwa kauli ya "wanasaikolojia wanasema" yanaweza kuwa yamejengwa juu ya utafiti mmoja dhaifu. Asiyejua ukubwa wa sampuli una maana gani, au kwa nini mambo mawili yanaweza kwenda pamoja bila moja kuwa chanzo cha jingine, atabaki kurudia maneno ya wengine.

Hoja ya pili ni mwili. Mzee aliyepata kiharusi anaweza kubadilika tabia hata watoto wake wasimtambue. Mtoto mwenye kifafa huenda akaonekana mtukutu darasani. Mama aliyejifungua juzi anaweza kuzama katika huzuni asiyoweza kuieleza. Mshauri asiyejua lolote kuhusu ubongo na homoni anaweza kuwapa nasaha watu waliopaswa kupelekwa kwa daktari.

Hoja ya tatu ni soko. Anayejua kutengeneza dodoso, kukusanya takwimu na kuzichambua kwa programu ya kompyuta ana pa kubisha hodi hata nje ya kliniki: katika mashirika yenye idara za ufuatiliaji na tathmini, katika utafiti wa masoko, katika benki na katika kampuni za simu. Kwa wanaotazamia shahada ya uzamili ya sayansi ya ubongo, msingi wa biolojia mara nyingi ni sharti.

Wanaotetea sanaa

Upande wa pili haukosi silaha. Mwaka 2010, Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliandika kwamba asilimia 96 ya watu waliotumika katika tafiti zilizochapishwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Nchi hizo zina takriban asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Wengi wa waliochunguzwa walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu.

Kwa maneno mengine, kitabu kinaposema "binadamu hufikiri hivi", mara nyingi kimemchunguza kijana wa chuo kikuu huko Marekani. Kulihoji dai hilo kunahitaji mtu aliyesoma historia, anthropolojia na sosholojia.

Hoja hii inaeleweka vizuri zaidi zahanati. Mgonjwa wa kijijini hamwambii mganga wa zamu kwamba ana sonona. Atasema moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, kichwa kinamwaka moto, au mawazo yamemzidi. Huenda amepitia kwa shehe, kwa mchungaji na kwa mganga wa kienyeji kabla ya kufika hapo, na ndugu zake wanaamini amerogwa. Dodoso lililotungwa Marekani na kutafsiriwa harakaharaka linaweza kumpita mtu huyo bila kumwona.

Watetezi wa sanaa wanaongeza kwamba kazi kubwa ya mshauri ni kusikiliza, kuuliza vizuri na kuandika kwa ufasaha. Aliyezoea kusoma riwaya na tamthilia, au kupima ushahidi wa kihistoria, huwa ameanza kujinoa kwa kazi hiyo.

Kuna pia suala la haki. Shahada za sanaa huwapokea vijana waliotoka katika shule zisizo na maabara wala walimu wa Fizikia. Tukisema saikolojia ni ya sayansi peke yake, tutawafungia mlango wengi kwa makosa yasiyo yao.

> Nchi zenye takriban asilimia 12 ya watu duniani zilitoa asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia.

Benchi la Harare

Kama kuna mahali ambapo pande hizi zimekutana barani Afrika, ni Zimbabwe. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache wa magonjwa ya akili nchini humo, alianzisha mpango uitwao Friendship Bench. Uliwafundisha wanawake wazee wanaohudumu katika zahanati za Harare kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya jengo, kumsikiliza na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine.

Kupima dhiki ya wagonjwa, walitumia dodoso la maswali 14 lililotungwa kutokana na namna Washona wa nchini humo wenyewe wanavyoeleza maumivu ya nafsi. Hiyo ni kazi ya lugha na utamaduni, upande wa sanaa.

Mpango haukuishia kwenye sifa za mdomo. Ulijaribiwa katika zahanati 24 kwa watu 573, baadhi wakipewa huduma ya benchi na wengine huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la tiba la *JAMA*: baada ya miezi sita, waliokalia benchi walikuwa na dalili chache zaidi. Hiyo ni kazi ya sayansi. Baadaye mpango huo uliigwa kwingine, ikiwamo Malawi na Zanzibar.

Bila upande wa kwanza, maswali yangekuwa mageni kwa wagonjwa. Bila upande wa pili, hakuna wizara ambayo ingekuwa na sababu ya kuuamini mpango huo.

Wenzetu hutazama nini

Anayetaka kwenda ng'ambo huambiwa kwamba bila BSc hatapokewa. Mifano inasema vingine. Chuo Kikuu cha Oxford kinafundisha saikolojia ya majaribio, maabara na takwimu tele, na mhitimu wake hutunukiwa BA. Harvard nayo humpa shahada ya sanaa anayehitimu saikolojia. University College London hutoa BSc. Chuo Kikuu cha California, San Diego, kina zote mbili.

Uskochi mambo yanachanganya zaidi. Edinburgh na St Andrews hutoa saikolojia kwa shahada ya sayansi au kwa shahada ya kwanza ya sanaa, ambayo kwao huitwa MA. Ndiyo MA aliyorudi nayo Mwalimu Julius Nyerere kutoka Edinburgh mwaka 1952, ingawa yeye hakusoma saikolojia. Asiyejua desturi hiyo angedhani ni shahada ya uzamili.

Kwa kuwa herufi hazitoshi, Uingereza hutazama yaliyomo. British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia nchini humo, hukagua programu na kuidhinisha zile zinazofundisha maeneo ya msingi: biolojia ya tabia, utambuzi, ukuaji, saikolojia ya jamii, tofauti kati ya watu, historia na nadharia za somo, pamoja na mbinu za utafiti. Ikikidhi masharti, BA huidhinishwa sawa na BSc. Tangu mwaka 2009, majina ya kazi kama mwanasaikolojia tiba yanalindwa na sheria, na hayatumiki bila usajili.

Afrika Kusini, mtu anaweza kuanzia shahada ya sanaa, ya sayansi au ya sayansi za jamii. Baada ya hapo kuna mwaka wa honazi, shahada ya uzamili yenye nafasi za kugombewa, mafunzo ya kazini na usajili katika baraza la taaluma za afya. Marekani, majimbo mengi hudai shahada ya uzamivu kabla ya kumpa mtu leseni ya kuitwa mwanasaikolojia.

Jirani zetu Kenya walipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Mkenya anayechagua programu leo ana sababu ya kuuliza bodi hiyo inataka nini kabla ya kuuliza herufi za cheti.

Herufi zinapokuwa na uzito

Haitakuwa haki kusema herufi hazina kazi kabisa. Tangazo la ajira serikalini hutaja sifa kwa majina, na mfumo wa maombi mtandaoni hauna subira na shahada yenye jina lisilotajwa. Vigezo vya mikopo navyo huweza kutofautisha fani na fani. Aliyesoma shahada ya ualimu ameandaliwa zaidi kufundisha, hata kama neno saikolojia limo kwenye cheti chake.

Tena, mzazi aambiwe ukweli: shahada ya kwanza ya saikolojia, iwe ya sanaa au ya sayansi, haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia tiba. Kazi hiyo huanzia uzamili. Anayelipa ada akidhani mwanawe atatibu wagonjwa siku ya pili baada ya mahafali amepewa habari nusu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kubofya

Mwombaji aingie kwenye tovuti ya chuo, au apige simu idarani, apate majibu ya haya:

1. Programu inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU?

2. Takwimu na mbinu za utafiti zinafundishwa kwa mihula mingapi? Kama ni muhula mmoja tu, jihadhari, hata ikiwa cheti kitaandikwa sayansi.

3. Kuna kozi ya ubongo na biolojia ya tabia?

4. Kuna kozi ya utamaduni, jamii na maadili ya kazi? Kama hakuna, utasomea watu usiowajua.

5. Mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi, kwa saa ngapi, na nani anayemsimamia mwanafunzi?

6. Kila mwanafunzi hufanya utafiti wake mwenyewe na kuuandika?

7. Waliomaliza wako wapi, na ni programu zipi za uzamili zilizowapokea?

Binti wa HGL asiogope takwimu. Hesabu zinazotumika mwanzoni ni za wastani, asilimia na uwezekano, na miezi ya kusubiri chuo inatosha kuzirudia. Kijana wa PCB aliyekosa udaktari naye asiichukulie saikolojia kama mkeka wa kuangukia. Huku atatakiwa kusoma kurasa nyingi, kuandika insha na kukubali kwamba baadhi ya maswali hayana jibu moja.

> Shahada ya kwanza ya saikolojia, iwe ya sanaa au ya sayansi, haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia tiba.

Mzigo usiachiwe mwombaji peke yake

Vyuo navyo vina wajibu. Si haki kumtaka mtoto wa miaka 19 apekue yaliyofichwa kwenye makabrasha ya idara. TCU inatoa mwongozo wa udahili kila mwaka, na haitakuwa kazi ngumu kudai kwamba kila programu yenye jina la saikolojia iwe na kozi za msingi zinazofanana, kisha orodha hiyo iwekwe mahali pa wazi. Msingi huo ukiwapo, sanaa na sayansi zitabaki kuwa matawi halali, moja likiegemea jamii na lugha, jingine ubongo na maabara.

Mpaka hilo litakapofanyika, mzazi anayesimama nyuma ya kompyuta adai kuona orodha ya kozi kabla ya kulipia fomu. BA yenye takwimu za kutosha na mafunzo ya vitendo yanayosimamiwa ni bora kuliko BSc isiyokuwa nayo, na BSc inayomfundisha mwanafunzi kusikiliza watu wake ni bora kuliko BA ya kukariri nadharia. Idara isiyoweza kukuonyesha orodha hiyo, usiipe ada yako.